Karani aliyehesabu siku angani

UNGEMSIKIA karani wa kike katika ofisi ya wakili akisema kwamba anataka kuendesha ndege peke yake kutoka Uingereza hadi Australia, huenda ungeangua kicheko. Lakini ndivyo alivyofanya Bi Amy Johnson mnamo Mei, 1930, akiwa na umri wa miaka 26.

Bi Johnson alikuwa binti wa mfanyabiashara wa samaki katika mji wa Hull. Baada ya kupata digrii ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Sheffield, alienda London kufanya kazi ya ukarani. Nyakati za mapumziko alijifunza urubani kama wengine wanavyocheza mpira, yaani kwa mapenzi tu. Alipata leseni Julai 1929. Hakutosheka. Alivaa ovaroli, akaingia karakana, akasomea ufundi wa injini hadi akapata cheti cha umekanika wa ndege.

Babake na tajiri wa mafuta, Lord Wakefield, walimsaidia kununua ndege kuukuu aina ya Gipsy Moth kwa pauni 600. Aliiita Jason, jina la alama ya biashara ya babake. Ilikuwa ndege ndogo, haina paa wala redio. Kabla ya hapo, safari yake ndefu kabisa ilikuwa ya kutoka London hadi kwao Hull.

Rekodi aliyoiwinda ilikuwa ya Bw Bert Hinkler, rubani mzoefu, ambaye mwaka 1928 alifika Australia kwa siku 15 na nusu. Mbele yake Bi Johnson kulikuwa na takriban kilomita 18,000.

Aling'oa nanga uwanja wa Croydon, London, Mei 5. Siku ya kwanza alilala Vienna, ya pili Istanbul, ya tatu Aleppo. Siku ya nne, karibu na Baghdad, dhoruba ya mchanga ilimlazimisha kutua jangwani, akaishikilia ndege yake isipeperushwe na upepo.

Siri yake ilikuwa nini? Kila siku aliamka kabla ya mapambazuko na kushinda angani. Jioni, wakati wengine wangetafuta kitanda, yeye alitafuta spana. Alibadilisha oili, akasafisha plagi na kukagua injini yote kwa mikono yake. Ndipo alipolala saa chache tu. Kesho yake, mambo yakawa yale yale.

Siku ya sita alitua Karachi, wakati huo ikiwa sehemu ya India. Alikuwa amemtangulia Bw Hinkler kwa siku mbili! Magazeti yaliyokuwa hayamjui yakaanza kumfuata hatua kwa hatua.

Lakini dunia haikosi visiki. Karibu na Rangoon, Burma, mvua ya masika ilimfunga macho. Alitua katika uwanja wa michezo wa chuo cha ufundi mjini Insein, na ndege ikatumbukia mtaroni. Bawa, magurudumu na rafadha vikaharibika. Wenyeji walimsaidia kuitengeneza, na bawa likashonewa kitambaa cha mashati yaliyokuwa yameshonwa kwa nguo ya ndege iliyosalia vitani. Siku alizotangulia zikayeyuka hapo.

Je, wewe ungefanya nini? Rekodi ilikuwa imeponyoka na bado kulikuwa na bahari mbele. Bi Johnson alipasha injini moto akaendelea. Kisiwani Java, vigingi vya mianzi vilitoboa mabawa. Aliziba matundu kwa plasta ya vidonda.

Mei 24 alitua Darwin, siku ya ishirini tangu aondoke. Alikuwa amechelewa siku nne kuifikia rekodi. Hata hivyo, alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake kutoka Uingereza hadi Australia, na maelfu walijitokeza kumshangilia aliporudi London. Mwaka 1932 aliweka rekodi ya kuruka peke yake kutoka London hadi Cape Town.

Alifariki Januari 5, 1941, ndege aliyokuwa akiisafirisha wakati wa vita ilipoanguka kwenye mlango wa mto Thames. Mwili wake haukupatikana. Jason, ile ndege yake kuukuu, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London.

Wanafunzi wanaojiandaa kwa mtihani, na wazazi wanaowalipia karo, wana la kujifunza hapa. Kilomita 18,000 hazikumalizwa kwa ushujaa wa siku moja. Zilimalizwa na yule karani aliyeshika spana kila jioni, hata baada ya kujua kwamba hatashinda. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.