Baada ya Kidato cha Nne: Kweli na Uongo Tunaoambiana Komarock

Matokeo ya KCSE yanapotangazwa kila Januari, mtaa wetu wa Komarock, hapa Nairobi, hugawika mara mbili kabla jua halijatua. Kuna nyumba ambazo vigelegele vyake husikika hadi stejini, na kuna nyumba ambazo geti halifunguliwi kwa siku mbili. Mimi huenda kubisha kwa hao ambao hawajafungua. Jumamosi zangu nyingi nimekaa na vijana wa kidato cha tatu na cha nne katika ukumbi wa kanisa, tukizungumza kuhusu kazi, na naona kinachowafungia ndani kuliko alama ni maneno waliyoyasikia kwa wazazi, kwa walimu na kwetu sisi majirani. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi.

“Bila C+ umeanguka.” Si kweli.

C+ ni kiwango cha chini cha kuingia shahada moja kwa moja, basi. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa walikuwa 962,512, na waliopata C+ kwenda juu walikuwa 246,391. Mwaka uliotangulia walikuwa 201,133 kati ya karibu 900,000. Kwa hiyo mwaka 2024 pekee vijana zaidi ya 716,000 walibaki chini ya mstari huo. Tukisema hao wote wameanguka, tumewafuta karibu watoto watatu kati ya kila wanne, na mimi nakataa. Diploma huanzia C-. Kozi za cheti huanzia D. Kozi za fundi wa ngazi ya mwanzo humpokea hata mwenye E. KUCCPS, shirika lile lile linalopanga wanafunzi wa vyuo vikuu, ndilo linalowapanga pia wa vyuo vya kiufundi. Mzazi akiniambia “mtoto wangu hakuitwa”, humuuliza kwanza: aliomba? Mara nyingi hakuomba. Aliona alama yake, akazima simu.

“Ufundi ni wa walioshindwa.” Si kweli, ila neno hili lina historia.

Wazazi wanaosema hivi hawasemi kwa ujinga. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilifungua kituo pale Kabete cha kuwafunza Waafrika kazi za mikono. Kiti cha afisi kilikuwa cha mwingine. Kwa babu zetu, kushikishwa randa na kunyimwa kalamu kulikuwa kuambiwa kwamba mwisho wako ni hapa. Uhuru ulipokuja, watu waliuza ng'ombe ili mtoto asome, avae tai, aondokane na randa. Dharau tunayoisikia leo ni kidonda cha zamani kilichorithishwa.

Na wapo walioona mapema kwamba mambo hayataenda hivyo. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti ambayo kichwa chake chenyewe kilikuwa swali: baada ya shule, nini? Kutokana nayo vilizaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo leo, baada ya katiba ya 2010, viko chini ya kaunti. Mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaja na useremala na sayansi kimu. Wazazi wakachangishwa pesa za karakana, zana zikakosekana, masomo yakapunguzwa, na karakana nyingi zikageuka stoo za madawati mabovu. Kisha mwaka 2013 Kenya Polytechnic ikapandishwa hadhi kuwa Technical University of Kenya, na ile ya Mombasa ikawa Technical University of Mombasa. Vyuo hivyo vinafanya kazi nzuri. Lakini ujumbe uliofika huku mitaani ulieleweka na kila mtu: hata chuo cha ufundi, kikifanikiwa, hutaka kuitwa chuo kikuu.

Ukitaka kujua kama ufundi ni wa walioshindwa, tembea Komarock hii hii. Nyumba zilijengwa zikifanana kama mapacha. Leo huyu ameongeza ghorofa, yule ameweka ngazi ya nje, mwingine amegeuza sebule kuwa saloni, na kila mmoja ana geti lake. Kuna mtu aliyepima kila kimoja, akakikata, akakiinua, akalipwa.

“Ufundi hauhitaji kichwa cha darasani.” Si kweli kabisa.

Desemba moja niliwapeleka vijana watatu kwa fundi wa vyuma kando ya Kangundo Road. Mmoja alikuwa msichana aliyekuwa ametoka tu kumaliza mtihani, na aliyekuwa na hakika kwamba hesabu imemmaliza. Fundi alikuwa amelaza fremu ya geti chini, mita tatu kwa mbili, bado haijachomelewa. Akamuuliza, “Utajuaje kama limekaa mraba?” Msichana akasema atalitazama. Fundi akampa futi ya utepe, akamwambia apime kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari. Upande mmoja, mita 3 na sentimita 62. Upande wa pili, 3 na 59. “Limelala,” fundi akasema, akaigonga kwa nyundo ile pembe ya upande mrefu, akapima tena, akagonga tena, mpaka futi ikasoma sawa pande zote mbili. Ndipo akazishika pembe nne kwa nukta ndogo za moto. Kisha akapima upya, kwa sababu, alituambia, moto huvuta chuma. Asiyerudia kupima atalaumiwa geti likigoma kufunga.

Msichana akachuchumaa, akaandika udongoni kwa kijiti: tatu mara tatu, mbili mara mbili, jumlisha, kipeo. “Mwalimu, hii ni Pythagoras,” akaniambia. Ikatoka 3.61. Fundi hakuwa anajua jina hilo, lakini alitabasamu na kusema waashi nao wana yao, futi tatu, nne na tano, ya kunyoosha pembe za msingi. Hesabu iliyomshinda ubaoni ilikuwa imelala pale vumbini na alikuwa ameielewa kwa dakika kumi. Sijui tunawezaje kufundisha somo hili miaka minne bila kumtoa mtoto nje hata siku moja.

“Mkono unatosha, karatasi ya nini?” Zamani ilikuwa karibu na kweli.

Siku hizi mlango unazidi kuwa mwembamba kwa asiye na cheti. Kufunga nyaya za umeme kihalali kunahitaji leseni ya mamlaka ya kawi (EPRA), ambayo ngazi yake ya kwanza ni C2 na huendelea kupanda hadi A1. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, husajili mafundi wa mjengo. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ambayo afisi zake ziko Commercial Street, Industrial Area, hutoa mitihani ya ufundi ya Daraja la III, la II na la I, na aliyejifunzia kazini anaweza kuukalia mtihani huo bila kuwa amepitia chuo. Pia kuna utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu aliyefanya kazi kwa miaka mingi bila cheti chochote. Baba zetu wengi wa jua kali wangefaidika nao kama wangeambiwa. Kijana akienda kuanza gereji namwambia: siku ya kwanza muulize fundi wako ni lini utakalia Daraja la III. Akicheka, tafuta gereji nyingine.

“Ukiingia ufundi, chuo kikuu umekiaga.” Si kweli.

Kutokana na sheria ya 2014, sifa za masomo nchini zina ngazi 10. Diploma ni ya 6, shahada ni ya 7. Ni ngazi moja juu ya nyingine, zinapandwa. Kila chuo kikuu kina masharti yake ya kumpokea mwenye diploma, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa karo, na uhakikishe chuo unachoanzia kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi. Kuna vyumba vya kupanga vyenye kibao kizuri barabarani na ambavyo cheti chake hakitakufikisha popote.

“Pesa ya ufundi ni ya haraka.” Si kweli, na uongo huu ni wetu sisi tunaoupigia debe ufundi.

Mwanagenzi hukaa miezi mingi akipewa chakula cha mchana na nauli, na wapo wanaotakiwa walipe ndio wafundishwe. Zana ni ghali. Mteja huchukua geti leo na kulipa salio mwezi ujao. Macho ya mchomeleaji asiyevaa ngao huumia usiku kama yametiwa mchanga. Msichana anayeingia gereji atasikia maneno ambayo hapaswi kuyasikia, na ni wajibu wetu watu wazima kwenda kuangalia mahali penyewe kabla hajaanza: kuna mwanamke mwingine anayefanya kazi hapo, kuna choo kinachofungwa? Tukiwaficha vijana haya yote, watatoroka wiki ya tatu, na watakuwa na haki ya kutuita waongo.

“Ujerumani inangoja Wakenya 250,000.” Si kweli.

Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin. Idadi hiyo ikasambaa kote duniani, hata BBC ikaitangaza, kisha ikairekebisha baada ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani kueleza kwamba makubaliano hayo hayana idadi yoyote. Kilicho kweli ni kwamba Ujerumani ina mafunzo ya ufundi, yanayoitwa Ausbildung, ambapo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya darasa na kazini na hulipwa kila mwezi. Ila lazima ujue Kijerumani vizuri, kwa kawaida kiwango cha B1, na hilo ni karibu mwaka mzima wa kukaa na vitabu. Wakala akikuahidi safari kwa miezi miwili, angalia kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujampa shilingi.

“Kazi ni kujuana.” Kweli.

Ni kweli, na inaniuma. Wengi ninaowajua hapa mtaani walipata mwanzo wao kupitia mjomba, shangazi au mtu wa chama. Mtoto wa daktari ameona hospitali tangu utotoni. Mtoto wa mama wa mboga ameona mboga, na akili yake yote haiwezi kuchagua kazi ambayo hajawahi kuiona ikifanywa. Basi kama kazi ni kujuana, tunaojuana na watu tuwaazime vijana watu wetu. Hicho ndicho ninachowaomba wazazi wa Komarock. Siombi pesa.

“Ataamua matokeo yakitoka.” Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote.

KCSE huisha Novemba, matokeo huja Januari. Katikati kuna wiki nyingi ambazo kijana hulala hadi saa nne akitazama simu. Katika kipindi hicho anaweza kukaa siku tatu katika gereji ya Kariobangi Light Industries, tatu nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na tatu kwa mtu anayerekebisha simu. Sisi huwapa maswali manne tu ya kumuuliza mwenye kazi: uliingiaje kazi hii, siku mbaya inafananaje, mwaka wa kwanza ulilipwa nini, na ungekuwa na umri wangu ungeanzia wapi? Na wanafunzi wa mfumo mpya wa elimu, uliochukua nafasi ya 8-4-4, wana haraka zaidi, kwa maana wale wa kwanza walioingia gredi ya 10 mwaka 2026 walitakiwa wachague mkondo wakiwa bado gredi ya 9, kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Huyo ni mtoto wa miaka 14 au 15.

Yule msichana wa geti alirudi kwa fundi siku mbili zaidi, kisha akaja kwangu akiwa na haya. Hataki kuchomelea, alisema, moto anauogopa. Alichopenda ni pale mteja alipofika, fundi akachukua kalamu na kuanza kuhesabu: vyuma vingapi, rangi mikebe mingapi, siku ngapi, faida ngapi. Fundi alikuwa amemwachia ahesabu ya mteja wa pili, naye akagundua kwamba bawaba zilikuwa zimesahauliwa. Aliniuliza kama kuna watu wanaosomea hesabu hiyo peke yake. Nikamwambia wapo, huitwa wakadiriaji majenzi, wanayo diploma yao, nayo huanzia C-. Akanyamaza kidogo, kisha akachukua simu yangu, kwa sababu yake haikuwa na bando, akaniomba nimfungulie ukurasa wa KUCCPS.