Jongoo akilegea, tazama udongo wake kwanza

Mvua za vuli zikishika Voi, vumbi jekundu la Tsavo hutulia na jongoo hujitokeza. Utawakuta wakivuka barabara ya Mwatate, weusi, unene wa kidole cha mtu mzima, wakubwa wao wakikaribia sentimita 30. Kiangazi chote walikuwa wamejichimbia ardhini au ndani ya magogo yaliyooza, wakingoja unyevu. Anayetaka kumfuga jongoo na aanzie hapo, awe mtoto wa Voi mwenye kopo lake au mfugaji wa Ulaya anayemweka kwenye sanduku la kioo.

Jongoo hupumua kwa vitundu vidogo vilivyo chini ya mwili wake, na maji humtoka kwa urahisi kupitia humo hewa inapokauka. Anayekaukiwa hupoteza mng'ao na hujikokota. Vipapasio vyake, ambavyo kwa kawaida havitulii vikigusagusa njia, hulala. Mhamishie haraka kwenye majani yaliyoloweshwa, umpe na kipande cha tango. Akiwahiwa, huinuka.

Mzima ukimgusa hujikunja papo hapo, kichwa kikiwa katikati. Akibaki amenyooka, amelegea mkononi kama kamba iliyolowa, hali yake ni mbaya. Akinuka uvundo, ameshakufa. Lakini yule anayekaa amejikunja saa zote, au anayetoa umajimaji wa hudhurungi kila akiinuliwa, ana hofu: anashikwashikwa mno. Umajimaji huo hutia ngozi madoa na huumiza macho, kwa hiyo watoto wanawe mikono kabla ya kujipangusa uso.

Akihangaika kupanda kuta usiku baada ya usiku, chunguza alichowekewa chini. Huenda udongo umegeuka tope, au hauna chakula. Wengi humpa matango na karoti wakaona wamemaliza, kumbe chakula chake hasa ni majani yaliyooza na mbao laini zilizoliwa na kuvu. Udongo mtupu humdhoofisha polepole. Mboga zilizopuliziwa dawa ya wadudu zinaweza kumuua, basi zioshe vizuri. Maganda ya mayai yaliyosagwa humpa madini ya kujenga gamba.

Utitiri wachache mgongoni si wa kuogopesha. Wakijaa mdomoni na kwenye mashina ya miguu, hapo kuna taabu. Doa jeusi linalotanuka huku miguu ikikatika ni dalili nzito zaidi, na mgonjwa huyo atengwe na wenzake.

Kosa linaloniuma kuliko yote ni la wakati wa kujivua gamba. Jongoo hujichimbia chini, hujitengenezea kijichumba, akakaa humo majuma kadhaa bila kula, mwili mweupe na laini. Mwenyewe huona kimya, akadhani mnyama amekufa, akafukua. Wengine humwaga sanduku zima, wakatupa jongoo na mti wake. Gamba jipya lisilokomaa hupasuka kwa mguso mdogo, na jongoo aliyepasuka haponi kwa urahisi. Kama hakuna uvundo, usichimbe. Nyunyiza maji kidogo, usubiri.

Wanaofikiria biashara ya jongoo nao wakumbuke kwamba sheria haitazami ukubwa wa kiumbe. Mei 2025, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja kwa kukutwa na sisimizi hai wapatao 5,000 waliokusudiwa kusafirishwa nje. Jongoo naye ana kazi yake kwetu: hula majani yaliyoanguka, akayageuza mboji inayorudisha rutuba kuanzia nyika za Voi hadi misitu ya milima ya Taita.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama huwezi kumpa udongo wenye unyevu, wenye majani yaliyooza, na kina kisichopungua urefu wa mwili wake, usimwokote. Mwache avuke barabara.