Bei ya Nyumba Si Faida ya Nyumba

Mama aliyenunua debe la maharage kwa shilingi 45,000, akamlipa mwenye mkokoteni 2,000, kisha akaliuza kwa 55,000, hahitaji kalamu kujua kwamba amepata faida ya 8,000. Hakuna mtu pale sokoni Igoma atakayethubutu kumwambia kwamba faida yake ni 55,000. Hesabu hii sisi akina mama tunaijua tangu tukiwa wasichana. Ajabu ni kwamba ikifika siku ya kuuza kiwanja au nyumba, hesabu hiyo hiyo huwapotea watu wazima, na familia ikajikuta inalipa kodi ya fedha ambayo haikuwa faida hata kidogo.

Tunaandika haya kwa sababu katika kuwatembelea wagonjwa majumbani, pamoja na akina mama wenzetu wa kanisani, tumekwisha kuona kwamba nyumba na viwanja huwapandisha watu presha kuliko chumvi.

Kodi yenyewe ni ipi?

Ni kodi ya ongezeko la mtaji. Msomaji asiichanganye na ile kodi ya ongezeko la thamani tunayolipa dukani. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mkazi wa Tanzania anayeuza ardhi au jengo alipe asilimia 10 ya faida aliyoipata. Kuikwepa si rahisi, maana Msajili wa Hati haandikishi uhamisho wa miliki mpaka aone cheti cha Mamlaka ya Mapato, TRA, kinachosema kwamba kodi imelipwa au kwamba hakuna kodi inayodaiwa.

Angalia vizuri neno "faida". Haikuandikwa asilimia 10 ya bei. Faida ni bei ya kuuzia ukiondoa gharama, na gharama kwa mujibu wa sheria ni pana kuliko wengi wanavyodhani. Imo bei uliyonunulia. Imo fedha uliyojengea. Zimo gharama za kukarabati, kupanua na kuboresha. Zimo pia gharama za kununulia na kuuzia: dalali, mwanasheria, mpima ardhi, mthamini, tangazo, ushuru wa stempu. Kwetu huku Mwanza, ambako kiwanja kinaweza kuwa nusu udongo na nusu jabali, fedha ya kupasua mwamba kabla ya kuchimba msingi nayo ni gharama ya nyumba, na si ndogo.

Visivyoingia navyo vipo. Makochi na mapazia si nyumba. Jasho lako mwenyewe la kubeba maji ya kumwagilia tofali halihesabiwi, kwa kuwa hukumlipa mtu. Na matumizi ambayo ulikwisha kuyatoa katika hesabu za biashara yako huwezi kuyatoa tena mara ya pili hapa.

Halafu kuna msamaha ambao kila mama mwenye nyumba anapaswa kuujua. Nyumba ya kuishi ambayo mtu ameimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, na ameishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, haitozwi kodi hii ikiwa faida yake haikuzidi shilingi 15,000,000. Vivyo hivyo shamba la mtu binafsi lenye thamani ya soko chini ya shilingi 10,000,000, lililotumika kwa kilimo angalau miaka 2 kati ya 3 kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo gharama ikiandikwa vibaya, madhara ni mawili: kodi inakuwa kubwa, na hata msamaha uliokuwa haki yako unaweza kukuponyoka.

Tarakimu moja iliyoachwa wazi

Tulimsindikiza mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye jambo hili lilimfika. Mumewe ni mgonjwa wa figo, anasafishwa damu Bugando, na fedha ya kutunza nyumba mbili ilikwisha. Wakaamua kwa pamoja kuuza nyumba ya Igoma wakahamie kwa wazazi upande wa Magu. Nyumba walianza kuijenga mwaka 2011, wakaingia 2014 kabla hata dari halijawekwa, kama ilivyo desturi yetu. Mnunuzi akapatikana kwa shilingi 48,000,000.

Siku hizi mambo ya kodi huanzia kwenye kompyuta. Mama huyu alimpa karatasi zake kijana mmoja anayejaza fomu za watu kwenye duka la stesheni. Kijana akaukuta mkataba wa kununua kiwanja, shilingi 3,000,000, akaandika bei ya kununulia 3,000,000 na bei ya kuuzia 48,000,000. Sehemu ya gharama nyingine akaiacha wazi. Faida ikatoka 45,000,000, na kodi 4,500,000. Kompyuta haikukosea hesabu. Ilitoa kile ilichoambiwa itoe. Kwa hesabu ile, nyumba nzima yenye vyumba vinne ilikuwa imeota yenyewe juu ya kiwanja kama uyoga.

Mama alikuja kwetu si kwa habari ya kodi, alikuja kupimwa presha. Ndipo akatuonyesha ile karatasi. Alikuwa tayari kulipa, maana aliogopa mnunuzi asighairi.

Tulikaa naye jioni tatu. Kwanza lilitoka daftari kubwa la kaunta ambamo alikuwa akiandika kila siku ya ujenzi: saruji mifuko mingapi, tripu za mchanga na kokoto, nondo, mbao, bati, malipo ya fundi na saini yake pembeni. Zikatoka risiti za duka la vifaa, nyingine zimefifia hata hazisomeki. Ukatoka mkataba wa fundi wa paa, risiti za kupima kiwanja na kupata hati, malipo ya kuvuta maji na umeme. Picha za ubatizo wa mtoto wao wa pili zilionyesha nyuma ukuta uliofika usawa wa linta, na tarehe imeandikwa nyuma ya picha.

Tulipojumlisha, hesabu ilikaa hivi. Kiwanja shilingi 3,000,000. Upimaji na hati 1,200,000. Ujenzi, pamoja na maji na umeme, 31,300,000. Dalali 2,400,000. Mwanasheria na mthamini 900,000. Jumla ni 38,800,000. Alikuwa ameandika pia makochi na mapazia, tukayafuta, akanuna kidogo. Ukitoa 38,800,000 katika 48,000,000 inabaki faida ya 9,200,000. Walikuwa wameimiliki nyumba na kuishi humo zaidi ya miaka 3, na faida iko chini ya 15,000,000. Alipopeleka vielelezo na fomu ikarekebishwa, kodi aliyodaiwa ikawa hakuna, akapewa cheti cha kuhamishia miliki.

Ile tofauti ya milioni nne na nusu kwa nyumba yenye mgonjwa wa figo msomaji anaweza kuipima mwenyewe.

Na asiye na karatasi je?

Wengi ndio hao. Ulinunua kwa mzee fulani mwaka 1998, mkaandikiana mbele ya balozi, karatasi ikaliwa na mchwa. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliwafikiria watu hawa. Mkazi asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, kwa kufuata iliyo kubwa. Katika mfano wetu ingekuwa shilingi 1,440,000. Ni nafuu kuliko 4,500,000, lakini ni nyingi kuliko bure.

Si kila mara asilimia 3 humwumiza mtu. Kiwanja cha zamani kilichonunuliwa kwa 1,000,000 na kuuzwa leo kwa 40,000,000 kingedaiwa 3,900,000 kwa njia ya faida, na 1,200,000 kwa asilimia 3. Kinyume chake, aliyenunua juzi kwa 20,000,000 akauza kwa 25,000,000 angelipa 500,000 akiwa na karatasi, na 750,000 akiwa hana. Lakini njia hii iliwekwa kwa ajili ya asiye na kumbukumbu. Mwenye nazo kuzificha sandukuni ili achague iliyo rahisi ni kusema uongo mbele ya Serikali, na sisi hatumshauri mtu hivyo. Hali kadhalika kuongeza mifuko ya saruji ambayo haikununuliwa.

Upo mtego mwingine, na huu tunaujengea wenyewe. Siku ya kununua, muuzaji hunong'ona: "Mama, tuandike bei ndogo ili tupunguze makato." Unakubali, mmeuziana kwa 12,000,000 mnaandika 5,000,000. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kwa hiyo kama ikipita umeokoa shilingi 70,000. Miaka ikipita, wewe ndiye muuzaji. Gharama yako kwenye karatasi ni 5,000,000. Zile 7,000,000 ulizolipa kwa mkono zimegeuka kuwa faida yako, na asilimia 10 yake ni 700,000. Aliyekunong'oneza yeye kodi yake ilipungua, yako ndiyo iliyoongezeka, na ushahidi wa uongo una saini yako.

Wenye watoto ng'ambo nao wasikilize

Tusidhani jambo hili ni la watu wa viwanja tu. Wapo kati yetu wenye watoto walioajiriwa Marekani, na kampuni nyingine kule huwapa wafanyakazi hisa kama sehemu ya ujira. Thamani ya hisa hizo hukatwa kodi kwanza kama mshahara. Kijana akiziuza, wakala wa hisa humtumia fomu iitwayo 1099-B, ambayo mara nyingi huonyesha gharama ndogo kuliko ile halisi, pengine sifuri, kwa kuwa haikuhesabu sehemu iliyokwisha kukatwa kodi. Programu ya kompyuta ya kuandaa kodi huipokea tarakimu hiyo kama ilivyo. Kijana asipoirekebisha katika fomu nyingine, namba 8949, atalipa kodi mara mbili kwa fedha ile ile. Ni nyumba iliyoota kama uyoga, ila hii imeota ng'ambo ya bahari. Mama ukiongea naye kwa simu muulize tu: "Gharama waliyoandika ni ile uliyokatiwa kodi?" Atashangaa umejulia wapi.

Hapa kwetu hisa zinazouzwa na mkazi katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hazitozwi kodi hii ya ongezeko la mtaji, kwa hiyo mwenye hisa zake chache huko asihangaike.

Karatasi zikae kwa nani?

Kwa mama. Tunasema hivi bila kuwadharau waume zetu, ila katika nyumba nyingi kadi za kliniki za watoto wote watano zinajulikana zilipo, na mtunzaji si baba. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa saini yako inahitajika, basi unayo haki ya kuziona tarakimu kabla ya kuitia.

Risiti za mashine huandikwa kwa joto, na joto huzifuta. Zikae miezi michache juu ya kabati chini ya bati la Mwanza utakuta karatasi nyeupe. Zitoe nakala mapema, au zipige picha kwa simu na kumtumia mtu mwingine wa familia zibaki kwake pia. Fundi asiye na risiti atie saini na jina lake, kiasi na kazi aliyofanya. Malipo ya simu yaandike katika daftari pamoja na namba ya muamala, maana simu huibwa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, lakini za nyumba usizitupe muda wote nyumba ikiwa yako, na miaka 5 mingine baada ya kuiuza.

Siku ya kujaza fomu, kaa karibu na anayejaza. Kabla hajabonyeza kutuma, mwambie akusomee sehemu tatu: bei ya kuuzia, bei ya kununulia, na gharama nyingine. Hiyo ya tatu ikiwa tupu, asiendelee. Usichukue namba ya malipo na kukimbilia benki kwa sababu mnunuzi anaharakisha. Aliyesubiri nyumba miezi sita anaweza kusubiri wiki moja.

Na ikiwa makadirio yamekwisha kutolewa na tarakimu si sahihi, mlango bado haujafungwa. Unaandika pingamizi kwa Kamishna Mkuu wa TRA ndani ya siku 30, ukieleza kosa liko wapi na kuambatanisha vielelezo. Sheria inakutaka ulipe kwanza kiasi ambacho hukibishii, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kwa kufuata kilicho kikubwa. Ukiwa na sababu nzito unaweza kumwomba Kamishna akupunguzie au akusamehe malipo hayo ya awali. Siku hizo 30 huanza kuhesabiwa tangu taarifa ilipokufikia, kwa hiyo andika tarehe juu ya bahasha siku ile ile unapoipokea.