Kofia ya Stormtrooper: Luku Ama Sanamu?

Mita mbao. Na si za Kenya manze, ni za dola. Hiyo ndiyo bili korti ya California ilimwangushia Andrew Ainsworth, fundi wa plastiki wa Twickenham, London, mwaka 2006. Ngori yenyewe? Kuuza kofia nyeupe za Stormtrooper, wale masolja wa Star Wars wenye hupiga risasi muvi nzima na hawagongi mtu. Na mauzo yake yote huko Marekani yalikuwa kati ya dola 8,000 na 30,000. Sasa weka hizo kando ya mita mbao uone venye korti ilikuwa imewaka.

Turudi nyuma kiasi. 1976, George Lucas anashoot muvi Uingereza na hakuna mtu ana uhakika itaenda mahali. Msanii Ralph McQuarrie ameshachora masolja na armor zao nyeupe. Msanii mwingine, Nick Pemberton, anachukua hizo picha anaunda kichwa cha udongo. Pemberton na Ainsworth wanajuana, na Ainsworth ako na mashine ya kuvuta plastiki, basi wera inamfikia.

Hiyo mashine ni simple lakini inabamba. Unachukua shiti ya plastiki, unaipasha moto hadi inalegea kama chapo imetoka kwa pan, unaiangusha juu ya umbo, alafu pampu inanyonya hewa yote ya chini. Plastiki inavutwa inashika kila kona: pua, mashavu, ile mdomo imenuna. Ikipoa unakata kingo, unashikanisha mbele na nyuma, unaweka macho. Oda ya kwanza ilikuwa kofia 50. Ainsworth akalipwa, akaishia. Muvi ikatoka 1977, zingine unajua.

Fast forward hadi 2004. Jamaa anatoa zile tools zake za kitambo, anaanza kutengeneza kofia na armor, anauzia watu kwa intaneti. Ukiwa fan, hapo umedata, juu unanunua kutoka kwa mikono ileile yenye ilitengeneza za muvi. Lakini Lucas ni yule bazu mwenye alishika haki za bidhaa mapema, wakati Hollywood ilikuwa inaona midoli ni kastory ka watoi. Lucasfilm, kampuni yake, wakamfungulia Ainsworth kesi California. Ainsworth hakujitetea, ndio maana mita mbao zikapita bila mtu kubisha. Wakabeba hiyo hukumu hadi London walipwe, majaji wa huko wakasema zii: kuwa na website na kuuzia wateja wachache si kuwa Marekani.

Ikabidi Lucasfilm wategemee madai yao ya sheria ya Uingereza, kwa kesi hiyohiyo. Na hapa ndipo story inakuwa tamu, juu kila kitu kilikuja kuning'inia kwa swali moja la kushangaza: hii kofia ni sanamu?

Rada ni hii. Mchoro wa McQuarrie ni sanaa, hakuna mtu anabisha. Lakini sheria ya Uingereza ya 1988 inasema mchoro ukiwa ni wa kuundia kitu, kuunda hicho kitu hakuvunji hakimiliki, isipokuwa kitu chenyewe kiwe pia ni kazi ya sanaa. Kofia ikiitwa sanamu, Lucas ameomoka, hakimiliki inaishi miaka 70 baada ya msanii kudedi. Ikiitwa props tu, amekosa.

Jaji Mann wa High Court, 2008, alitoa mfano nimeupenda sana: rundo la matofali likiwekwa kwa jumba la sanaa la Tate linaweza kuwa sanamu. Matofali yaleyale yakimwagwa nje ya keja yako yakingoja fundi, ni matofali tu. Akaamua kofia si sanamu, na korti ya rufaa ikakubaliana naye 2009. Tarehe 27 Julai 2011, Supreme Court ikafunga hiyo mada: kazi ya sanaa ni muvi, kofia ilikuwa kifaa cha kuitengeneza.

Mi naona walicheza poa. Ukisema kila kitu kimeundwa kikapendeza macho ni sanamu, hata helmet ya nduthi itakuwa na lawyer.

Lakini msimpatie Ainsworth taji bado. Wasee wengi walimchukulia kama hustler mdogo amekataa kukanyagwa na mdosi. Alikuwa anadai yeye ndiye alidesign hiyo kofia. Jaji alisikiza ushahidi wote akasema hapana, umbo lilitoka kwa udongo wa Pemberton. Mikono yake ilivuta plastiki. Idea haikuwa yake. Hiyo part watu huiruka wakibonga hii kesi.

Na Supreme Court haikumwachilia hivyo tu. Ilisema korti ya Uingereza inaweza kusikiza madai ya hakimiliki ya Marekani dhidi ya msee anaishi Uingereza. Kwa hivyo mteja wa Manchester aagize kofia, sawa. Wa Chicago, zii.

Kitu kingine, si eti Lucasfilm huchukia kila mtu mwenye amejishonea luku. Kuna mbogi inaitwa 501st Legion, ilianzishwa 1997 na Albin Johnson huko Marekani. Hawa hukagua costume yako hadi rangi ya lenzi na mpangilio wa mishipi kabla wakuingize. Wanavalia watoi hospitalini na kuchangisha doo za misaada, na hawafanyi biashara na hizo nguo. Lucasfilm waliwaacha, tena wakaingiza jina la 501st kwa story za Star Wars zenyewe. Hiyo ni akili, juu nani atakataa matangazo ya bure?

Kwa cosplayer wa Kanairo, hizi hukumu za London hazimfungi, ingawa mahakimu wetu huzisoma na kuzipea uzito. Ukijikatia armor ya foam uivae Naiccon, ile comic con ya Nairobi, sidhani kuna lawyer atapanda ndege juu yako. Ukianza kupokea oda kwa M-Pesa na umeandika Star Wars kubwa kwa poster, hiyo ni ingine kabisa: jina ni alama ya biashara, na alama ya biashara haijali kama kofia ni sanamu ama sufuria.