Upepo wa kilomita 40 kwa saa una nguvu gani?

Kusi likishaingia, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huwa na angalizo ambalo watu wa pwani wamelizoea: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, na mawimbi yanayofikia mita 2. Tumelisikia mara nyingi kiasi kwamba wengi hawalitilii tena maanani. Ni hatari, maana mvuvi wa ngalawa anaweza kuokoka kwa tarakimu hizo.

Kasi inayotajwa kwenye utabiri kwa kawaida ni wastani. Vituo hupima upepo kwenye mlingoti wa mita 10, kisha hupata wastani wa dakika 10. Ndani ya dakika hizo upepo hupanda na kushuka, na mara huja ule wa ghafla, wa sekunde chache tu, unaozidi wastani kwa mbali. Palipotabiriwa kilomita 25, upepo wa ghafla unaweza kugonga 40. Na huo ndio unaopindua chombo.

Sababu ni kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Chukua tanga la mita 15 za mraba. Upepo wa kilomita 20 kwa saa ukilipiga sawasawa, hulisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 28. Ukifika 40, nguvu hiyo inapita kilo 110, sawa na watu wazima wawili wanaoning'inia tangani kwa ghafla. Nahodha aliyeifunga demani, yaani kamba ya tanga, kwa fundo gumu hapati hata nafasi ya kuilegeza.

Angalia pia kipimo kilichotumika. Simu ikionyesha 11, huenda ni mita kwa sekunde, na hizo ni karibu kilomita 40 kwa saa. Noti 22, kipimo cha mabaharia, nazo ni karibu hizo hizo.

Mwelekeo hudanganya zaidi. Utabiri hutaja upande upepo unakotoka, lakini mshale kwenye simu mara nyingi huelekea unakokwenda. Sasa simama pwani ya magharibi ya Unguja, tuseme Mkokotoni, wakati wa kusi. Upepo unatoka kusini-mashariki, unapita juu ya kisiwa na kutokea baharini. Maji ya karibu na ufuko yametulia, kwa kuwa mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Ukitweka tanga unakwenda raha mustarehe. Kilomita kadhaa mbele bahari inachafuka, na kurudi ni kupigana na upepo wa mbele. Paje na Jambiani, upande wa mashariki, hakuna udanganyifu huo: mawimbi yanaonekana yakivunjika kwenye mwamba.

Tena, utabiri wa kompyuta hugawa bahari katika miraba mipana, kila mmoja ukapewa kasi yake. Hauoni kila rasi wala mkondo mwembamba kati ya visiwa, ambako upepo hubanwa ukaongeza kasi. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji na upepo wa baharini huzidi, hivyo alfajiri tulivu si ahadi ya alasiri. Siku za bamvua, maji yakienda kinyume na upepo, mawimbi husimama wima na kufuatana karibu karibu hata kama kasi ya upepo haikubadilika.

Vyombo vikubwa navyo havina kinga. Julai 18, 2012, MV Skagit ilikuwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilipopinduka karibu na Chumbe, bahari ikiwa imechafuka.

Kwa hiyo, nahodha, usiondoke kabla ya kujua upepo wa ghafla utafika kasi gani, utatoka wapi, na maji yatakuwa yakipwa au yakijaa saa ya kurudi. Abiria nawe, muulize. Akikujibu kwamba hakuangalia, shuka usubiri chombo kingine.