Ajali Ina Kinga

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Kauli hii husikika hospitalini, matangani na hata vinywani mwa viongozi kila damu inapomwagika barabarani. Nikiwa mwanaisimu nimeitafakari kwa muda mrefu, nami naona kuwa inatudhuru kuliko inavyotufariji.

Neno ajali tulilipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni muda uliowekwa, hasa saa ya mtu kufa. Hata nasi bado twasema ajali ya fulani imefika, yaani siku yake imetimia. Basi pikipiki iteleze mteremkoni hapa Kiogoro, nje ya mji wa Kisii, abiria avunjike muundi, nasi tuseme ni ajali, tumekwisha kutoa hukumu kabla ya kuuliza swali. Lawama yote tumeitwika majaaliwa.

Lakini majeraha haya yana mpangilio wake. Mvua kwenye milima ya Gusii hunyesha karibu mwaka mzima. Jioni, barabara ya udongo ikiwa tope, utaona pikipiki isiyo na taa ikishuka kwa kasi, imebeba wanafunzi watatu, na helmeti ya pekee inaning'inia kwenye usukani. Huhitaji kupiga ramli ili kujua yatakayofuata. Miundi huvunjika kwa kuwa mguu hauna ngao, vichwa hupasuka kwa kuwa viko wazi, na mashavu ya miguu huunguzwa na bomba la moshi.

Bodaboda ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Busia. Mwaka wa 2008 serikali ilipoondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki ndogo, vijana wengi walipata riziki, na mama mjamzito akapata usafiri wa kumfikisha zahanati. Hayo ni maendeleo, wala siyabezi. Tatizo ni kwamba mashine zilitangulia, mafunzo na barabara vikabaki nyuma. Mwaka wa 2024, watu zaidi ya 4,700 walifariki katika barabara za Kenya. Duniani kote hufa takriban milioni 1.19 kila mwaka, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Daktari Mmarekani William Haddon alifundisha, tangu miaka ya 1960, kuwa jeraha lichunguzwe kama maradhi: kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada yake. Mwaka wa 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, liliamua kuacha kutumia neno la Kiingereza lenye maana ya ajali, kwa hoja kuwa majeraha mengi huweza kutabirika na kuzuilika.

Tuupime mfano huo hapa kwetu. Kabla ya tukio, tunahitaji matuta karibu na shule, mifereji ya kuondoa maji barabarani, taa zinazowaka na mwendeshaji aliyefunzwa. Wakati wa tukio, mwokozi ni helmeti, ambayo hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 40 na ya majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 70. Baada ya tukio, majeruhi asikalishwe baina ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine, maana uti wa mgongo uliopata ufa huweza kukatika njiani.

Sheria ipo. Tangu 2012 yataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi la kumeremeta, na abiria awe mmoja tu. Wapo watakaoniuliza, kijana apoteze nauli ya watoto wawili kwa ajili ya sheria? Swali hilo ni la haki, na jibu lake halimhusu kijana peke yake. Mzazi anayelipia watoto watatu kwenye pikipiki moja naye yumo. Kaunti inayoacha mfereji uzibe imo. Askari anayefumba jicho kwa shilingi hamsini yumo pia.

Nashauri tuanzie stejini. Kila kikundi cha bodaboda kinunue helmeti za abiria kwa mchango wake, na kaunti iwafunze wanachama huduma ya kwanza, kwani mara nyingi ndio wanaofika kwanza penye majeruhi. Nasi wengine, tunaposikia mtu ameumia, tuulize ilikuwaje kabla ya kusema ni ajali.