Jinsi Programu Huria Zinavyochunga Mitambo ya Kompyuta

Kampuni inayotegemea kompyuta katika kupokea malipo, kutunza hesabu na kuwasiliana na wateja hupata hasara mara mitambo hiyo inapokwama. Aghalabu hitilafu haizuki ghafla. Diski hujaa kidogo kidogo, na njia ya mawasiliano huzidiwa siku hadi siku, mpaka kazi isimame. Kwa hiyo hapana budi pawe na njia ya kuichunguza mitambo usiku na mchana, ili kasoro ijulikane kabla mteja hajalalamika.

Kazi hiyo hufanywa na programu inayokaa katika kompyuta moja na kuihoji mitambo mingine kwa zamu. Mwaka 1994 Tobias Oetiker, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha De Montfort mjini Leicester, Uingereza, alianza kutunga programu iliyokuja kujulikana kwa jina la MRTG. Njia ya kutokea nje ilikuwa moja tu, yenye uwezo wa kupitisha biti 64,000 kwa sekunde, na watu walitaka kujua imejaa kiasi gani.

Utendaji wake ni rahisi kueleweka. Ndani ya ruta, yaani mtambo unaoelekeza mawasiliano, mna hesabu inayoongezeka kwa kila baiti inayopita, kama ifanyavyo mita ya maji. Kila baada ya dakika 5 programu huisoma, hutoa hesabu ya awali katika hesabu mpya, kisha hugawanya tofauti kwa sekunde 300. Tuseme tofauti ni baiti 2,100,000. Wastani utakuwa baiti 7,000, au biti 56,000, kwa sekunde. Maana yake, njia ile imejaa kwa asilimia 87.5. Michoro ya siku, wiki, mwezi na mwaka huonyesha kama msongamano ni wa saa chache tu au unazidi kukua.

MRTG ni programu huria: maandishi yake ya msingi yako wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Faida ya uhuru huo ilionekana mwaka 1996. Dave Rand, aliyeona kuwa programu inakwenda polepole, aliitunga upya kwa lugha ya C sehemu iliyokuwa ikichelewesha kazi, akampelekea Oetiker, na watumiaji wote wakafaidika.

Programu huria nyingine, kama vile Nagios, iliyotolewa mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, na Zabbix, iliyotolewa mwaka 2001, hutoa pia tahadhari. Nagios huweza kupangiwa irudie uchunguzi, tuseme mara 3, kabla ya kumwarifu fundi, ili asisumbuliwe na kasoro ya kupita.

Hata hivyo, kutolipia leseni hakuondoi gharama ya utaalamu. Fundi ndiye anayeamua diski ikijaa kiasi gani tahadhari itolewe. Zikizidi tahadhari zisizo na maana, hata ile ya kweli itapuuzwa. Aidha, taarifa ya kukatika kwa intaneti ikitumwa kwa barua pepe kupitia intaneti ileile, haitafika. Sharti pawekwe njia ya pili, kwa mfano ujumbe wa simu ya mkononi, nayo ijaribiwe mara kwa mara kabla ya siku ya dharura.